Jibu refu: kupanga kuanzia mwisho kurudi leo, na mahali nilipoharibu mimi

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Kwa wadau wanaoingia sasa hivi: mwenzetu ana kikundi cha watu kumi na wawili wanaojitolea, na huu ni mwaka wa nne wanafundisha vijana kompyuta kila jioni. Amepatikana mtu wa kuwasaidia fedha, lakini kawaomba kwanza walete "nadharia ya mabadiliko" yao, yaani maelezo, mara nyingi mchoro wa visanduku na mishale, ya jinsi wanavyoamini kazi yao italeta mabadiliko wanayoyataka. Mwenzetu anauliza mambo mawili. Hii ni karatasi nyingine ya kujaza ili fedha zitoke, au kuna kitu ndani yake? Na mtu anaanzaje kupanga kutoka mwisho ilhali kazi yenyewe ilishaanza zamani?

La kwanza nalijibu haraka: mara nyingi ni karatasi ya kujaza. Nimekaa kwenye ufuatiliaji na tathmini ya miradi miaka kumi na moja, nimejaza nyingi, na katika nadharia zote nilizoziandika kwa mkono wangu ninazikumbuka mbili tu zilizobadilisha kile tulichokwenda kukifanya Jumatatu iliyofuata. Zilizobaki ziliandikwa shughuli zikiwa zimeshachaguliwa. Tulizichorea visanduku vya rangi, tukazibandika katikati ya andiko la mradi, hakuna aliyezifungua tena. Ndani ya zile mbili ndimo nilimojifunzia haya ninayokuandikia. Jipe muda, ni marefu.

Mradi wetu ulikuwa wa kusoma. Watoto wa darasa la tatu walikuwa wanamaliza mwaka bila kuweza kusoma aya moja na kusema inahusu nini. Tukafikiri kama wanavyofikiri watu wengi: hawasomi kwa sababu hawana vitabu. Tukatafuta vitabu vya hadithi, tukavipeleka shule thelathini na kitu, tukapiga picha. Nadharia yetu, ingawa hatukuiita hivyo, ilikuwa na mshale mmoja tu: vitabu vikifika, watoto watasoma. Baada ya miezi minane nikaenda kupima. Watoto walikuwa palepale. Vitabu vilikuwa salama kabisa, bado vinanukia wino, ndani ya kabati, na kabati lina kufuli.

Niliporudi nikaandika kwenye ripoti: "mwamko mdogo wa walimu". Hiyo sentensi naionea aibu hadi leo.

Ofisini kwetu kulikuwa na dada mmoja aliyetuzidi umri na uzoefu. Hakubishana na ripoti yangu. Alibandika karatasi kubwa ukutani na kwenye ukingo wa kulia kabisa akaandika: "Mtoto wa darasa la tatu amesoma ukurasa ambao hajawahi kuuona, na amekueleza unasema nini." Kisha akatugeukia na kuuliza swali ambalo tangu siku hiyo ndilo ninaloanza nalo kila kazi: ili hili liwe kweli, nini lazima kiwe kimeshatokea?

Tukasema, mtoto amesoma sana. Sana kiasi gani? Kila siku, dakika kadhaa, kwa miezi. Nani kampa hizo dakika? Mwalimu wa darasa amezitenga. Anasoma nini? Kitabu. Kimetoka wapi? Kabatini. Nani kafungua? Mwalimu mkuu, ndiye mwenye ufunguo. Na kwa nini hafungui?

Kimya. Watu saba chumbani, wenye shahada na magari ya mradi, hakuna aliyekuwa anajua. Ikabidi mtu atumwe akaulize, na jibu lilikuwa fupi: "Kitabu kikipotea nadaiwa mimi." Kumbe vitabu vilikuwa vimeingizwa kwenye daftari la mali ya shule. Na aliyesababisha viingizwe ni sisi, kwa sababu tulimtaka kila mwalimu mkuu asaini fomu ya makabidhiano yenye idadi ya kila kitabu. Yule mwalimu aliyefungia vitabu alikuwa anafanya jambo la busara kwa mtu aliyekaa kwenye kiti chake. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hana mwamko.

Shughuli iliyotoka kwenye ile karatasi haikuwa semina wala kampeni. Ilikuwa barua ya nusu ukurasa, iliyosainiwa na mwenye mamlaka juu ya walimu wakuu, ikisema vitabu hivi vinatarajiwa kuchakaa na baadhi kupotea, na hakuna atakayedaiwa. Kuipata sahihi hiyo kulituchukua wiki sita na safari nyingi kuliko kununua vitabu vyenyewe. Kabati nyingi zilifunguka. Zilipofunguka tukakutana na kikwazo kingine, dakika za kwenye ratiba, ambacho kilikuwa kwenye karatasi yetu ukutani na tulikuwa tumekirukia kwa haraka. Sikuambii ilikuwa hadithi yenye mwisho mtamu. Nakuambia kwamba tungeendelea kutoka mwanzo kwenda mbele, mwaka uliofuata tungenunua vitabu vingi zaidi.

Sasa, mbinu yenyewe. Watu wanadhani tofauti kati ya kupanga mbele na kupanga nyuma ni upande unaoanzia tu, kama mtu anayepanda ngazi na anayeshuka ngazi ileile. Hapana. Maswali mawili tofauti yanaamsha sehemu mbili tofauti za akili. Ukiuliza "tukifanya hivi kitatokea nini?", kila mtu anaota, na kila ndoto inakubalika, kwa sababu kweli chochote kinaweza kutokea. Ukiuliza "ili hili liwepo, nini lazima kiwe kimeshakuwepo?", unakuwa umeomba sharti, na sharti linabishiwa. Mtu anaweza kusimama akasema hapana, hilo si lazima. Au akasema hilo peke yake halitoshi. Mabishano hayo mawili, ya lazima na ya kutosha, ndiyo kazi yote. Chumba kisipobishana, mmeandika risala.

Kuna kitu kidogo cha lugha kilichonisaidia kuliko vitini vyote nilivyopewa. Angalia visanduku vya mipango yetu vinavyoanza: kuhamasisha, kuelimisha, kushirikisha, kuwajengea uwezo. Vyote vina ku-. Kisanduku chenye ku- ni shughuli, na mtendaji wake aliyejificha ni sisi. Nilijiwekea sheria kwamba kwenye karatasi ya kurudi nyuma hakuna kisanduku chenye ku- mpaka tufike kabisa mwisho wa kushoto. Kila kisanduku kibebe -me-, na mtendaji atajwe, na asiwe sisi. "Kuwajengea uwezo walimu wakuu" hakipiti. "Mwalimu mkuu ameacha kabati wazi saa za masomo" kinapita. Jaribu leo kwenye mpango wowote ulio nao, utaona nusu ya visanduku vinakataa kugeuzwa. Vinavyokataa ni vile ambavyo hakuna mtu yeyote anayetarajiwa kufanya kitu tofauti. Ni sisi tu tunatwanga maji kwenye kinu.

Na ukishaandika mtendaji, swali la mshale linajileta lenyewe: kwa nini akubali? Ana sababu gani yeye, kwa maisha yake, ya kufanya hivyo? Watu hutumia nguvu zao kwenye visanduku, wanavipamba, wanavipa namba. Kazi iko kwenye mishale. Kila mshale ni madai kwamba mtu fulani, akikutana na jambo fulani, atabadilisha anachofanya. Mimi sasa hivi, nikipewa nadharia ya mtu niipitie, sisomi visanduku kwanza. Nachukua mshale mmoja mmoja na kuuliza umeshikiliwa na nini.

Kidogo kuhusu ulikotoka msamiati huu, maana kuna mtu hapo juu amesema ni mtindo mpya wa wafadhili. Si mpya sana. Ulienea kuanzia mwaka 1995, pale mtaalamu wa tathmini wa Marekani, Carol Weiss, alipoandika kwenye kitabu cha Aspen Institute kwamba programu kubwa za kijamii ni ngumu kutathmini kwa sababu waliozianzisha hawajawahi kusema wazi wanaamini mabadiliko yatatokeaje. Kabla ya hapo kulikuwa na bangokitita, lile jedwali la mantiki ya mradi lililotengenezwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, na ambalo wengi wetu tumelijaza hadi macho yanauma. Bangokitita lina safu ya mwisho kulia ya mambo tunayoyachukulia kuwa yatakuwepo. Safu hiyo hujazwa saa kumi na moja jioni watu wakitaka kuondoka, na huandikwa "hali ya kisiasa itaendelea kuwa tulivu". Ukilielewa wazo la Weiss, ile safu iliyokuwa pembeni ndiyo iliyotakiwa kukaa katikati.

Wakemia nao wana yao, na mimi naipenda kuliko ya watu wa miradi. E. J. Corey alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1990 kwa kupanga utengenezaji wa molekuli ngumu kwa kurudi nyuma: unaitazama molekuli unayoitaka, unaivunja kwa mawazo kuwa vipande rahisi zaidi, kila kipande unakivunja tena, na wanatumia hata alama ya mshale ya peke yake kuonyesha kwamba hapa tunarudi. Unaacha lini? Unapofika kwenye kitu kinachonunulika. Hiyo kanuni ya kuacha nimeiiba. Kwenye karatasi yangu narudi nyuma hadi nifike kwenye jambo ambalo mmoja wetu, mwenye jina, anaweza kulifanya wiki ijayo bila kumwomba mtu ruhusa. Kama mnyororo umeishia kwenye "sera imebadilishwa", hujafika. Nani kaibadilisha? Nani kamwandalia rasimu? Nani anaheshimika kwake? Unamjua? Una namba yake ya simu? Sawa, hapo umefika.

Nikupe mfano mkubwa, ambao uko kwenye kumbukumbu za dunia, unaoonyesha jinsi mnyororo wa nyuma unavyoweza kukufikisha mahali ambapo wa mbele usingekufikisha. Ndui. Shirika la Afya Duniani liliamua kuitokomeza mwaka 1959, kazi ikasuasua, na mwaka 1967 ikaanza kampeni mpya yenye nguvu zaidi. Wazo la kawaida lilikuwa la mbele: chanja watu wengi, angalau asilimia 80, na ugonjwa utakosa pa kwenda.

Geuza sasa. Andika ukingoni kulia: hakuna binadamu hata mmoja mwenye ndui. Nini kimeshatokea? Mgonjwa wa mwisho amepona au amefariki bila kumwambukiza mtu. Kabla ya hapo? Kila aliyemkaribia ameshachanjwa. Kabla ya hapo? Kuna mtu ameshajua kwamba huyu ni mgonjwa, yuko wapi na nani kakaa naye, na amejua mapema. Tazama, umetembea njia nzima na hukukutana na "asilimia 80 wamechanjwa". Umekutana na habari: nani anaumwa, wapi, tangu lini.

Ndivyo ilivyokuja kutokea, ingawa aliyeanza alisukumwa na uhaba. Desemba 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari William Foege alikutana na mlipuko huku chanjo alizokuwa nazo hazitoshi kuchanja eneo zima. Yeye na wenzake wakawatumia wamisionari wenye redio za mawasiliano kuuliza ni vijiji gani vina wagonjwa, kisha wakachanja waliowazunguka wagonjwa hao na sehemu ambazo ugonjwa ungeelekea. Mlipuko ukazimika wakati watu wengi wa eneo hilo hawajachanjwa. Mbinu hiyo ya kumsaka mgonjwa na kumzungushia ukuta wa waliochanjwa ikawa mhimili wa kampeni, hadi Oktoba 1977 alipougua Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mtu wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba imekwisha duniani.

Mishale ile ilishikiliwa na mambo ya ndui yenyewe. Haina mnyama anayeihifadhi, kwa hiyo mgonjwa wa mwisho ni wa mwisho kweli. Vipele vinaonekana kwa macho, hata mtoto anaweza kukuonyesha nyumba yenye mgonjwa. Mtu huanza kuambukiza akiwa ameshaonekana kuugua. Na chanjo inasaidia hata ukiichoma siku chache baada ya mtu kukaa na mgonjwa. Uchukue mpango huohuo uupeleke kwenye ugonjwa ambao mtu anauambukiza akiwa bado anatembea na kucheka, mshale wa "amejua mapema" unakatika na mpango wote unaanguka, japo visanduku ni vilevile. Ndiyo maana nikiona kikundi kimenakili nadharia ya kikundi kingine kilichofanikiwa, nauliza kama wamenakili na mishale.

Kuna mishale inayoonekana imara hadi inachekesha kuihoji. Marekani, kuanzia miaka ya 1970, walikuwa na programu iliyojulikana kwa jina la Scared Straight. Kijana aliyeanza utukutu anapelekwa gerezani, wafungwa wa vifungo virefu wanamfokea na kumweleza maisha ya humo, anatoka anatetemeka. Ataacha, sivyo? Nani angebisha? Watafiti walipojumlisha majaribio ambayo vijana waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapelekwa na wengine wakaachwa, waliopelekwa ndio waliorudia makosa zaidi. Ingekuwa heri kuwaacha nyumbani. Kijana aliogopa kweli, kisanduku hicho kilitimia. Mshale wa kutoka "ameogopa" kwenda "ameacha" ndio uliokuwa hewa. Tangu nilipousoma utafiti huo, mshale ambao watu wote chumbani wanaukubali kwa kicheko nauwekea alama nyekundu.

Hesabu kidogo, usiogope. Tuseme una mishale mitano mfululizo na kila mmoja una uhakika nao kwa asilimia 80, ambayo kwenye kazi za watu ni uhakika mkubwa mno. Zidisha asilimia 80 mara tano: unapata kama asilimia 33. Mishale kumi, unabaki na kama asilimia 11. Hapo ndipo utaona kwa nini ile michoro ya visanduku arobaini inayoning'inia kwenye kuta za ofisi haina faida: hata kama kila mtu aliyeichora ni mwerevu, mnyororo mrefu umekwisha kufa kwa hesabu. Tiba ninazozijua ni tatu. Fupisha mnyororo. Weka njia mbili zinazofika kwenye kisanduku kilekile, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Na ujaribu mshale dhaifu kuliko yote kwanza, kabla ya kutumia fedha kwenye ile imara. Sisi tulifanya kinyume: tulinunua vitabu kwanza, kwa sababu kununua tulikuwa tunakuweza. Swali la ufunguo lingejibiwa kwa simu kumi kabla hatujatoa hata senti.

Nimekuahidi kusema nilipoharibu. Ule mradi wa kusoma ulinipa jina ofisini, nikawa ndiye mtu wa "kurudi nyuma". Nikaalikwa kusimamia mpango wa kikundi cha wanawake wajasiriamali, na mimi wakati huo nilikuwa nimependa sana redio. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya vipindi vya redio, nimenunua hadi vipaza sauti kwa fedha zangu. Tukaandika lengo kulia, tukaanza kurudi, na kila tulipofika njia panda mimi niliyeshika kalamu nilikuwa navuta kamba kidogo. "Amepata mkopo. Kabla ya hapo? Amejua masharti ya mkopo. Kabla ya hapo? Amesikia..." Nadhani umeshaona tunakokwenda. Saa tatu baadaye mnyororo ukaishia, kwa mshangao wa kila mtu isipokuwa mimi, kwenye kipindi cha redio cha kila wiki. Kipindi kilikuwa kizuri. Kilisikilizwa. Wanawake walikuwa wanajua masharti ya mkopo tangu zamani, na ndiyo maana hawakuwa wanaukopa.

Kwa hiyo huu ndio mtego wenyewe, na wewe uko karibu nao kuliko nilivyokuwa mimi kwa sababu una kazi ya miaka minne unayoipenda. Mkono unaorudi nyuma unajua unakotaka kufika. Mnyororo ukiishia sawasawa kwenye kile mlichokuwa mnakifanya jana, usishangilie, ushuku. Siku hizi kalamu nampa mtu asiye na maslahi kwenye shughuli yoyote, na nawaomba watu wataje angalau masharti mawili tofauti kwenye kila hatua kabla ya kuchagua la kufuata.

Sasa kwenu.

Mmesema lengo lenu ni "vijana wawe na ujuzi wa kompyuta". Hilo liko katikati ya karatasi, siyo ukingoni. Ujuzi wa nini? Nina jaribio ambalo huwa linakera watu: fikiria lengo limetimia, na limetimia bila ninyi, kikundi chenu kimekufa zamani, mwingine kalifanya. Mngefurahi? Mkifurahi, mmelipata lengo. Mkijisikia vibaya, mlichoandika ni hamu ya kikundi kuendelea kuwepo. Hiyo nayo si dhambi, watu wanahitaji mahali pa kukutana jioni, lakini iandikwe kwa jina lake na isivalishwe nguo za vijana.

Tuseme mkisukumana mnafika kwenye: "Kijana aliyepita kwetu anaishi kwa kazi anayoifanya kwa kompyuta, mwaka mmoja baada ya kumaliza." Rudi. Kuna mtu amemlipa. Huyo mtu amemwamini kabla ya kumlipa. Amemwamini kwa sababu gani? Hapa ndipo sijui, na nadhani na ninyi hamjui, na hapa ndipo pa kukaa. Inawezekana ni cheti. Inawezekana ni kazi aliyoiona kwa macho. Inawezekana ni mtu anayemfahamu aliyemwambia "mchukue huyu". Kila jibu linarudi nyuma kwa njia yake: la kwanza linawapeleka kwenye mitihani, la pili kwenye kuwapa vijana kazi halisi wakiwa bado darasani, la tatu kwenye kuwakutanisha na watu. Masomo ya jioni yanaweza kubaki katika njia zote tatu, lakini hayawi kitu kilekile. Na inawezekana pia yasiwe sehemu dhaifu hata kidogo. Pengine mnafundisha vizuri sana na mnyororo unakatikia hatua moja mbele yenu, mahali ambapo hakuna mtu wa kikundi aliyewahi kusimama.

Kuhusu kuanza wakati kazi inaendelea: msiisimamishe. Nyie mna kitu ambacho sisi hatukuwa nacho, nacho ni vijana waliokwisha kupita. Wagawe kwa makundi mawili, wachache wanaoishi kwa kompyuta leo na wachache waliorudi walikotoka. Msiwaulize kama masomo yalikuwa mazuri, watawaambia yalikuwa mazuri. Waulizeni wa kwanza: aliyekupa kazi ya kwanza alikujuaje? Waulizeni wa pili: mara ya mwisho ulipokaribia kupata kazi, iliishia wapi? Kisha watafute watu wawili au watatu waliowahi kulipia kazi kama hizo, na ambao hawana urafiki na kikundi.

Kwa yule mwenye fedha, mpelekeeni ukurasa mmoja. Lengo, visanduku visivyozidi sita, na chini yake mstari wa wazi: mshale huu ndio tusiouamini bado, na hivi ndivyo tutakavyoujaribu kwa miezi mitatu. Chora pia mstari wa kukata, kulia kwake ni mambo mtakayoyatamani lakini hamtakubali kupimwa nayo, maana ajira hutegemea na mengine msiyoyashika. Wapo wafadhili watakaosikia ukurasa wa namna hiyo kama udhaifu. Nimekutana nao. Wapo watakaoona hatimaye wamepata mtu anayejua anachokifanya, na hao huwa wanarudi mwaka wa pili hata mambo yakiharibika.

Kuna ndugu hapo juu ameandika kwamba maisha hayaendi kwa mstari na mipango ya visanduku inajidanganya. Anayo hoja. Kama hali inabadilika kila mwezi, au hata mwisho wenyewe haujulikani, mimi pia ningeanza na hatua ndogo na kutazama. Karatasi ya ukutani naiona kama dau: imeandikwa kwa penseli, na kila baada ya miezi michache tunairudia tukiwa na habari mpya. Ile ya vitabu tuliifuta na kuichora upya mara nne.

Mkishawapata wale vijana na waajiri wao, rudi kwenye uzi huu uandike walichojibu kwenye swali la "alikujuaje". Ukiweza andika maneno yao yenyewe, usiyafupishe. Nitakaa na wewe tuchore huo mshale hapahapa, na wenye uzoefu wa ajira za vijana watatusahihisha.